Kwa nini kumbukumbu ndiyo inayokwamisha kompyuta za supakondakta?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta mjini Kisumu, na chumba cha seva ninachokitunza kinakula umeme kupita kiasi. Nimesoma kwamba saketi za supakondakta, zisizo na ukinzani, hutumia nishati kidogo mno. Mbona hazijaingia sokoni?

Jibu: Ndugu fundi, ulichosoma ni kweli kwa upande wa kukokotoa. Swichi ya saketi hizo, iitwayo kiungo cha Josephson kwa heshima ya mwanafizikia aliyeitabiri mwaka 1962, hugeuka kwa pikosekunde chache na hutumia takriban jouli 2 × 10⁻¹⁹. Tatizo ni mahali pa kuweka matokeo, yaani kumbukumbu.

Tazama kwanza DRAM, kumbukumbu ya kawaida iliyo kwenye seva zako. Kila biti ni chaji ndani ya kapasita ndogo mno, na kwa kuwa kapasita hiyo huvuja kama mtungi wenye ufa, kila safu hujazwa upya ndani ya milisekunde 64, asomaye awepo asiwepo. Kumbukumbu ya supakondakta haivuji hivyo: katika kitanzi cha niobi, metali isiyo na ukinzani ikipozwa sana, mkondo ukishaanza huzunguka bila kufifia, na kuwepo au kutokuwepo kwake ndiko moja na sifuri.

Hata hivyo, mmiminiko wa sumaku katika kitanzi hicho, yaani kiasi cha uga wa sumaku unaokipenya, huja kwa vipande vizima tu, kila kimoja weba 2.07 × 10⁻¹⁵. Ili kushika kipande kimoja kwa mkondo wa mikroampia 100, kitanzi huhitaji indaktansi (kipimo cha mmiminiko unaotolewa na kila ampia ya mkondo) ya pikohenri 20 hivi, na waya wa kutosha kuitoa huchukua mikromita kadhaa kila upande, ilhali chembe ya DRAM ya leo haifiki sehemu moja ya mia ya mikromita ya mraba. Ukikipunguza kitanzi, kinadai mkondo mkubwa zaidi. Ndiyo maana chipu za namna hii zilizoundwa Japani miaka ya 1990 zilikuwa na kilobiti 4 tu.

Ili kukwepa kitanzi hicho kikubwa, baadhi ya watafiti hupachika tabaka jembamba la sumaku ndani ya kiungo cha Josephson chenyewe, ili sumaku hiyo ndiyo ishike biti. Wengine hupoza kumbukumbu za transista za kawaida na kuziunganisha na saketi hizo, ingawa ishara za milivolti moja au chini yake hulazimika kukuzwa kwanza. Kwa maoni yangu njia hii ya pili, japo haipendezi sana, ndiyo itakayotangulia, kwa kuwa viwanda vyake vipo tayari.

Kisha kuna baridi. Niobi hupoteza ukinzani chini ya kelvini 9 hivi, yaani nyuzi 9 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa, na kwa kawaida hupozwa kwa heli kimiminika hadi kelvini 4.2. Anayenunua barafu ya kuhifadhia samaki aina ya mbuta pale Dunga, ufukweni Kisumu, anajua kwamba baridi hulipiwa. Hapa, kuondoa wati moja ya joto hudai zaidi ya wati 70 hata kwa mtambo mkamilifu wa nadharia, na mitambo halisi hula mamia. Gharama hiyo hubebeka kwenye kompyuta kubwa mno tu. Chumbani mwako, ziba kwanza mianya inayorudisha hewa moto ya nyuma ya seva mbele yake.