Jibu: Baridi ya Kabale, ngozi kupasuka na kichwa kizito asubuhi

Habari ndugu, karibu Kabale, huku kusini-magharibi mwa Uganda. Umeuliza kwa nini tangu uhamie kutoka Jinja ngozi inapasuka na unaamka kichwa kikiuma, ingawa unalala na sigiri (jiko la mkaa) chumbani.

Anza na hiyo sigiri: itoe leo hii. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kichwa kuuma asubuhi ni dalili yake mojawapo. Hata mkaa ukiwa mwekundu bila moshi wowote, sumu bado ipo. Watu hufa usingizini hivyo, nakusihi.

Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai huuma kweli. Mimi huweka miguuni chupa ya maji moto niliyoizungushia taulo, navaa soksi, na blanketi moja nalitandika chini yangu, maana baridi hupenya godoroni.

Ngozi je? Oga jioni mapema kwa maji ya vuguvugu, yakizidi moto yanaikausha. Jipake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevunyevu, hasa visigino.

Kichwa kisipoacha baada ya sigiri kutoka, nenda kituo cha afya. Hapo mimi sina la kukushauri.