"Kwenu Mmezoea": Jibu kwa Ndugu Zangu

Ndugu zangu, tangu msiba wa baba mdogo, na tangu lilipozuka suala la nyumba anayoishi mjane wake, mama mdogo, simu zimekuwa nyingi, na karibu zote zina swali lilelile. Mdogo wangu ndiye aliyelisema waziwazi: "Kaka, umeishi ughaibuni miaka kumi na mmoja, umeona watu wa kila aina. Huoni kwamba kila jamii ina jema lake na baya lake? Mbona ya kwetu unayapima kwa mizani ya watu wa huko?" Nimelitafakari siku kadhaa. Nalijibu leo kwa kirefu, maana linanigusa kuliko mnavyodhani.

Nilipoondoka nilibeba msemo mmoja kichwani: ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikaufuata. Mengi yalinikera nikanyamaza, nikijiambia hayo ni mambo yao. Lakini moyoni nilikuwa nahukumu, na hukumu yangu kali kuliko zote ilihusu wazee. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila siku nikiingia nilijiuliza ni mtoto gani huyu anayempeleka mama yake akaogeshwe na mgeni. Nilisema watu hawa hawana utu.

Palikuwa na mwanamume mmoja, fundi bomba, aliyekuja kila jioni akitoka kazini na nguo zake za kazi. Hukaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akamchana nywele taratibu na kumsimulia siku ilivyokwenda, ingawa mama alikwisha kumsahau hata jina. Siku moja aliniambia kwamba aliishi naye nyumbani miaka mitatu, mpaka mama akawa anatoka usiku wa manane na kupotea barabarani. Kwake yeye, kumleta pale ndiko kulikuwa kumtunza. Niliona haya. Nilikuwa nimeliona tendo tu, sikuuona moyo uliolizaa.

Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Mfalme Darius wa Uajemi aliwauliza Wagiriki, waliokuwa wakiwachoma wafu wao, wangetaka fedha kiasi gani ili wawale baba zao wakishakufa. Wakasema hakuna fedha ya kuwafanya watende hivyo. Akawaita watu wa India walioitwa Wakalatia, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi waliokufa, akawauliza wangetaka kiasi gani ili wawachome moto. Wakapaza sauti wakimsihi asitamke neno hilo. Wengi huisimulia habari hii kuonyesha kwamba maadili ni desturi tu. Mimi naona jambo jingine: pande zote mbili ziliahidiwa fedha, na zote mbili zilikataa. Walitofautiana kuhusu namna ya kumheshimu mzazi. Kwamba heshima hiyo haiuzwi, hapo hawakutofautiana kabisa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nusu ya swali lako nakubaliana nayo. Mgeni asikimbilie kuhukumu asichokielewa.

Lakini katika jengo lilelile palikuwa na bibi mmoja. Kila Jumapili alitaka avalishwe gauni lake zuri, asogezwe dirishani. Nilimhudumia miezi minne, na kwa miezi hiyo yote hakuja mtu. Wenzangu kazini waliniambia, "Hapa ni kawaida." Nilitaka kuwaamini, kwa kuwa ingenipunguzia uchungu. Ila yeye mwenyewe hakuwahi kusema ni kawaida. Alizaliwa pale, akakulia pale, mila zote za pale ni zake, na jua likizama alikuwa akilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tangu hapo, kila nikiambiwa "ndio utamaduni wao," nauliza anayesema ni nani. Ni yule anayekilalia kitanda, au ni yule aliyesimama mlangoni?

Kisha zamu ya kukilalia ikawa yangu. Mwajiri wangu wa pili alituweka watu tisa, wote wageni, katika chumba kimoja. Akawa anatukata ujira kwa malazi hayo, na pasipoti zetu akazifungia kabatini kwake. Nilipolalamika hakunitukana. Alinijibu kwa upole kabisa: "Kwani kwenu hamjazoea?"

Mdogo wangu, hoja yake ndiyo hiyohiyo yako. Kila jamii na kipimo chake, na kipimo chetu, kwa maoni yake, kilikuwa kifupi. Ningemjibu nini? Ningesema kwa mila za kwetu hiyo ni dhuluma, angenikumbusha kwamba pale si kwetu. Ningetaja mila za kwao, angeniambia hizo ni za wenyeji. Mhamiaji husimama mahali ambapo mila za pande zote mbili hazimfikii, na kama hakuna haki iliyo juu ya zote mbili, basi hana pa kushika. Nilikuwa na neno moja tu: mimi ni mtu. Aliyenisindikiza kwa wakaguzi wa kazi alikuwa mwenyeji, dereva wa lori, hatuna dini moja na lugha tulikuwa tunasaidiana kwa vidole. Hakuhitaji kuelezwa mila zetu ndipo aelewe. Pasipoti tulirudishiwa. Sehemu ya fedha sijaipata mpaka leo.

Najua mtasema hizo haki za binadamu ziliandikwa na wakubwa. Ni kweli kwa sehemu kubwa, wala sitaki kuifunika. Tamko la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, wakati sehemu kubwa ya Afrika ingali chini ya ukoloni, na baadhi ya walioliunga mkono ndio hao waliotawala makoloni. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia (wasomi wa tamaduni za watu) wa Marekani kilitahadharisha kwamba maadili ya Ulaya Magharibi na Marekani yasije yakavishwa jina la dunia nzima.

Lakini tazameni pia nani alisimama wapi. Hansa Mehta wa India, nchi iliyokuwa imetoka tu kujikomboa, ndiye aliyepigania kifungu cha kwanza kiseme "binadamu wote" badala ya neno la Kiingereza linaloweza kumaanisha wanaume peke yao. Nchi 48 ziliunga mkono Tamko hilo, hakuna iliyopinga, 8 zilijizuia kupiga kura. Mojawapo ya hizo nane ilikuwa Afrika Kusini, ambako mwaka uleule chama cha ubaguzi wa rangi kiliingia madarakani. Na kabla ya hapo, Wafaransa walipotangaza mwaka 1789 kwamba watu huzaliwa huru huku wakishikilia watumwa katika koloni la Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, watumwa hawakusema uhuru ni utamaduni wa Wafaransa. Waliinuka mwaka 1791, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa nchi huru. Kuandika neno hakumfanyi mwandishi awe mmiliki wa neno hilo.

Sina jibu la kila jambo. Mgonjwa anayekaribia kufa aambiwe ukweli, au ndugu wamfiche? Nimeona yote mawili yakifanywa kwa upendo, na hadi leo sijui lipi ni bora. Ila shaka hiyo siwezi kuihamishia kwenye chumba cha watu tisa.

Sasa tuje kwa mama mdogo. Mmeniambia atoke kabla ya mwisho wa mwezi katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu, kwa sababu ndiyo mila, na mwacha mila ni mtumwa. Nimepigiwa simu na watu watano. Mmenieleza mila inasemaje, wazee wamesemaje, ukoo utagawana vipi. Hakuna hata mmoja wenu aliyenieleza mama mdogo amesemaje.

Jumamosi nitapiga saa mbili usiku. Naomba simu apewe yeye.