Seva tatu za SACCOS: Ceph, ZFS au LINSTOR?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mifumo ya SACCOS moja hapa Arusha. Tumenunua seva tatu za Dell PowerEdge R730 zilizokwishatumika. Kila moja ina RAM GB 64, kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja) ya PERC H730 na nafasi nane za diski. Mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) ni tisa, jumla kama TB 1.2, na nzito kuliko zote ni hifadhidata ya akaunti za wanachama kwenye PostgreSQL. Bodi imekataa bei ya leseni za VMware, kwa hiyo tunahamia Proxmox, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe. Nataka seva moja ikizimika kazi iendelee. Kwa kuhifadhi data, nichague Ceph, ZFS au LINSTOR? Swichi yetu ni ya gigabiti 1. Na je, naweza kuweka seva ya tatu tawi la Moshi, ili moto ukitokea huku tusipoteze vyote?

JIBU: Ndugu, kabla ya kuchagua programu kaa na mhasibu wako mjibu swali moja: seva ikifa saa hii, mko tayari kupoteza miamala ya dakika ngapi?

Proxmox inaweza kunakili diski za ZFS kutoka seva hadi seva kwa ratiba. Usipoigusa, ratiba hiyo ni kila dakika 15, na unaweza kuishusha hadi dakika 1. Seva ikifa dakika ya 14, miamala ya dakika 14 imekwenda, na mwanachama ameshika risiti ambayo mfumo hauijui. Kwa mashine ya mafaili au ya printa, ZFS inatosha kabisa na ndiyo nyepesi kuitunza. Kwa akaunti za watu, hapana. Zinabaki Ceph na LINSTOR, ambazo huiambia hifadhidata "nimeandika" pale tu nakala zinapokuwa zimeshafika kwenye seva nyingine.

Kwa seva zako ningeweka Ceph, kwa sharti la mambo mawili: diski na mtandao. Ukivikosa hivyo, usianze.

Diski kwanza, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Ceph huandika kwa kusubiri diski ithibitishe kila kipande. SSD ya kompyuta ya kawaida lazima ikifikishe kipande hicho kwenye chipu zake za kudumu ndipo ijibu, na inachelewa vibaya. SSD ya seva ina kapasita ndani: umeme ukikatika, kapasita zinabakiza nguvu ya kutosha kumalizia kuandika, kwa hiyo diski inajibu papo hapo bila kudanganya. Kwenye karatasi ya bei zote mbili zimeandikwa kasi ileile, kwa hiyo usinunue kwa kusoma karatasi. Chomeka moja isiyo na data (jaribio hili linafuta kila kitu kilichomo), hakikisha jina la diski ndilo lenyewe, kisha pima:

fio --name=jaribio --filename=/dev/sdX --rw=write --bs=4k --iodepth=1 --numjobs=1 --direct=1 --sync=1 --runtime=60 --time_based

Diski yenye kapasita kwa kawaida hutoa maandishi maelfu mengi kwa sekunde. Ukiona mia kadhaa tu, irudishe dukani. Ikiwa ni ya mtumba, soma pia smartctl -a uone imechakaa kiasi gani.

Nunua diski nne za GB 960 kwa kila seva, wala si mbili za TB 1.92, hata kama mbili zitakuwa nafuu kidogo. Jumla ni ileile, TB 11.52, na Ceph ikiweka nakala tatu za kila data unabaki na TB 3.84. Lakini kila nakala lazima ikae kwenye seva yake, nawe una seva tatu tu. Diski moja ikifa, data yake haina pa kwenda isipokuwa kwenye diski zilizobaki ndani ya seva hiyohiyo. Ukiwa na mbili, iliyobaki inabeba mzigo wote peke yake. Ceph huanza kulalamika diski ikifika asilimia 85 na huzuia uandishi kwenye asilimia 95. Kwa hiyo diski mbili kwa seva zinakupa takribani TB 1.6 za kutumia bila wasiwasi, na nne zinakupa TB 2.4. Wewe tayari uko 1.2.

Kadi ya H730 iweke kwenye hali ya HBA (inayopitisha diski moja moja bila RAID) kabla ya kufunga Proxmox, ili Ceph ione diski zenyewe. Usitengeneze RAID chini ya Ceph. Nafasi mbili za diski ziwe za mfumo, kwa kioo cha ZFS, yaani diski mbili zenye nakala ileile.

Mtandao: gigabiti 1 ni kama MB 115 kwa sekunde, na kila andiko linatoka mara mbili kwenda kwa seva wenzake. Kujenga upya diski yenye GB 600 kungekula karibu saa moja na nusu hata kama mtandao hauna kazi nyingine. Huhitaji kununua swichi ya gigabiti 10. Geuza seva uangalie nyuma: baadhi ya R730 huja na matundu mawili ya SFP+ (ya gigabiti 10) tayari. Kama hayapo, tafuta kadi ya Intel X520-DA2. Kebo tatu za DAC (kebo fupi za shaba za matundu hayo) zinaunganisha kila seva na wenzake wawili moja kwa moja, na Proxmox 9 inaweza kuupanga mtandao huo kwenye sehemu yake ya SDN (ya kupanga mitandao kwa programu). Ukipandisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya mtandao) hadi 9000, pandisha kote na uhakiki kwa ping -M do -s 8972. Upande mmoja ukisahaulika, ping za kawaida zinapita huku Ceph ikiganda.

Mawasiliano ya klasta yenyewe (kundi la seva zako tatu), yanayobebwa na Corosync, yaache kwenye ile swichi ya gigabiti 1. Yakichanganywa na Ceph, siku ya kujenga upya diski yatakosa nafasi, na kama umewasha HA (inayohamisha mashine pepe yenyewe seva ikifa) seva nzima zitajiwasha upya zenyewe.

RAM: kila diski ya Ceph hutengewa GB 4, kwa hiyo 16 kwa seva. Ongeza za Proxmox na huduma nyingine, utenge 24. Inabaki 40, na seva mbili lazima zibebe kazi ya tatu: mashine zako zote tisa zisizidi GB 80.

Bajeti ikikuishia kwenye diski mbili kwa seva, nenda LINSTOR, inayotumia DRBD kunakili diski kati ya seva papo hapo. Inakula RAM kidogo, nakala mbili zinatosha, na seva ya tatu inaweza kuwa mpiga kura tu asiye na data. Tahadhari moja: DRBD 9 hujengwa upya kila keneli (kiini cha Linux) inapobadilika. Ukisasisha bila hedaz za keneli (mafaili ya kuijengea DRBD), seva itaamka na DRBD 8.4 iliyomo kwenye Linux na haitazifungua diski zako.

Kuhusu Moshi: usiweke seva ya klasta huko. Corosync inataka ucheleweshaji chini ya milisekunde 5 wakati wote, na kila andiko la hifadhidata lingesubiri jibu kutoka Moshi. Kinachofaa huko ni Proxmox Backup Server kwenye mashine ya kawaida, ikipokea bekapu za kila usiku. Hiyo ndiyo itakayookoa data moto unaouogopa ukitokea. Nakala tatu za Ceph si badala ya bekapu, maana mtu akifuta jedwali kwa makosa, linafutika mara tatu.

Akidi ya klasta inafanya kazi kama ya mkutano mkuu wenu: wawili kati ya watatu wakiwepo, kikao kinaendelea. Siku seva moja imezimika na diski ya seva nyingine ikafa, baadhi ya data itabaki na nakala moja na Ceph itaisimamisha. Mtu atakushauri ushushe min_size (idadi ya chini ya nakala ili Ceph ikubali kazi) iwe 1. Usikubali, washa kwanza seva iliyozimika.

Kwa umeme, unganisha UPS na NUT (programu inayosoma hali ya UPS) ili mashine pepe zizimwe kwanza, seva baadaye. Badilisha betri za CR2032 (zinazotunza saa) kwenye seva zote tatu, maana za mtumba mara nyingi zimekwisha: umeme ukirudi saa inakuwa imepotea, na Ceph hulalamika tofauti ikizidi sekunde 0.05. Weka pia chrony, programu ya kusawazisha saa.

Kabla ya kuhamisha akaunti, anzisha mashine ya majaribio inayoandika mfululizo, kisha chomoa waya wa umeme wa seva moja ambayo haiibebi. Uandishi utasita sekunde kadhaa na kuendelea, na ceph -s itaonyesha HEALTH_WARN. Rudisha waya, subiri HEALTH_OK, urudie kwa seva ya pili na ya tatu. Moja ikishindwa, akaunti zibaki zilipo.