Ofisi ghorofani Mkunazini, ninunue mtungi gani wa kuzimia moto?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Nna ofisi ndogo ya uhasibu Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Unguja, vyumba viwili ghorofa ya kwanza kwenye nyumba ya zamani, tupo wanne na sote wanawake. Mna kompyuta tano, printa, UPS, na mafaili ya karatasi ukuta mzima. Chini uani pana jenereta ya petroli umeme ukikatika. Dukani nimeuziwa mtungi mmoja wa poda wa kilo 6 nikaambiwa huo unazima kila kitu, nisihangaike tena. Kaka yangu kauona akasema nimepotezwa, kompyuta zinataka mtungi wa CO2, ile gesi ya kaboni dayoksaidi. Nishike la nani, na mmoja kweli unatosha?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Muuzaji hakukudanganya na kaka yako naye hakukosea, tatizo hakuna hata mmoja alokaa akakuuliza mle ndani mna nini cha kuungua. Mtungi unachaguliwa kwa kile kitakachowaka, na wewe una vitu vitatu mbali mbali: umeme, karatasi na mbao, na petroli.

Tuanze na hiyo poda. Ni kweli poda ya ABC inazima karatasi, mafuta, gesi, na hata kwenye umeme unaweza kuipiga, ndo mana wauzaji wanaipenda. Lakini ukiipiga ndani ya chumba kidogo hata mlango huuoni, kifua kinabana, na ule unga unaingia kwenye kila tundu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja Chake Chake, moto wenyewe ulikuwa wa ndoo ya taka tu, wakaumalizia mtungi mzima wa poda, moto ukazimika vizuri kabisa, ila baada ya siku chache kompyuta zikaanza kufa moja moja. Poda ile ina chumvi ya fosfeti, inafyonza unyevu ikishafyonza inakula shaba ya ndani, na unyevu wa visiwa vyetu haya unaujua mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya ofisi yako mimi siiweki.

Usiurejeshe lakini. Ushushe chini uani ukae karibu na jenereta, kwenye petroli poda ndo kazi yake na pale pana hewa. Usiuning'inize juu ya jenereta yenyewe, ueke hatua kadhaa pembeni upande unaotokea mlango, mana jenereta ikishika moto utaufataje mtungi uliomo ndani ya moto. Na petroli jamani usiimimine jenereta ikiwa moto, hapo hata mitungi kumi haitokusaidia.

Kwenye kompyuta kaka yako yuko sawa, chukua CO2 ya kilo 2. Haiachi unga wala maji, haipitishi umeme, ikishatoka inapotea hewani. Ila ina mambo yake. Inatoka kwa sekunde nane mpaka kumi tu, kwa hiyo husogei ukaanza kufikiri, unasogea ushajua unapiga wapi. Lile domo lake jeusi usilishike kwa mkono likiwa linatoa, hewa ile ina baridi ya zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, ngozi inaganda, shika mpini. Na kwa vile inasukuma hewa tunayovuta, kwenye chumba kidogo ukishapiga toka nje na ufungue madirisha, usibaki kuchungulia. Jengine, CO2 haina saa ya presha, watu wengi wananipigia simu wanasema fundi mtungi wangu mbovu hauna mshale. Si mbovu, ule unapimwa kwa mizani, uzito wake umeandikwa kwenye mtungi, ukiona hewa iliyomo imepungua asilimia 10, yaani gramu 200 kwa mtungi wa kilo 2, upeleke ukajazwe.

Sasa yale mafaili. CO2 haipoozi kitu, itaukata ule muwako juu halafu dakika mbili baadae karatasi zinashika tena toka ndani, na juu yenu kuna boriti, ngazi nayo ya mbao. Hapo unataka mtungi wa povu wa lita 6, au wa maji, ila povu ndo chaguo langu. Zima umeme kwenye meni swichi kwanza halafu ndo upige. Na huu huu utakufaa kama laptop au simu itawaka betri, mana betri za lithiamu unaweza kuuona moto umezimika na ukarudi tena, zile zinataka kupoozwa, na moshi wake ni sumu, kama umeshajaa chumbani acheni tokeni.

Kwa hiyo mmoja hautoshi, ni mitatu: CO2 karibu na kompyuta, povu pale ngazi inapoanzia, poda chini. Usishawishiwe kuchukua CO2 ya kilo 5 au poda ya kilo 9, pamoja na chuma chake hizo zinapita kilo 10 na mtu aliyeshtuka hawezi kuinyanyua akatembea nayo. Mpe kila mmoja hapo ofisini ainyanyue, kama hawezi basi si mtungi wenu.

Ukienda kununua angalia ukanda wa rangi, mitungi mingi mwili mwekundu ila kwa utaratibu wa Uingereza buluu ni poda, nyeusi ni CO2, rangi ya maziwa ni povu. Kuweni makini na herufi za aina ya moto pia, bidhaa zetu zinatoka kila pahala: kwenye lebo ya Marekani C ni umeme, kwenye ya Ulaya C ni gesi na umeme hauna herufi. Soma maneno au tazama picha ya radi, usiamini herufi peke yake.

Uning'inize ukutani kwa njia ya kutokea, si nyuma ya mlango wala ndani ya kabati lenye kufuli. Moto ukitokea mmoja apige simu zimamoto hapo hapo wakati mwengine anazima, vichochoro vya Mji Mkongwe gari haifiki mlangoni, zile dakika za mwanzo ni zenu. Mgongo uwe kwenye mlango, toa pini, elekeza kwenye shina la moto si kwenye ndimi zake, bonyeza, fagia kushoto kulia. Mtungi mmoja ukiisha na moto upo, shukeni.

Kila mwezi tupia macho pini na mshale, kila mwaka ita fundi aifanyie sevisi. Na huku kwetu chumvi ya bahari inakula chuma, geuza mtungi utazame kitako, ukiona kutu imeanza kumenya rangi usiipake rangi mpya juu yake, uchukue ukapimwe.