Baiskeli ya mbio ya alumini kwa kijana: usiinunue kama sare ya shule

Baiskeli ya kwanza ya mbio niliyompa mpwa wangu niliinunua kama tunavyonunua sare za shule: kubwa, atakua nayo. Alikuwa na miaka 13 na urefu wa sentimita 156. Fremu ilikuwa ya saizi 56, yaani sentimita. Nyekundu, ya alumini, imekuja na kontena la mitumba kutoka Japani. Muuzaji aliinyanyua kwa kidole kimoja, nami hapo hapo nikalegea.

Wiki ya tatu kijana akaanza kulalamikia shingo na mabega. Kibaya zaidi, akishika usukani kwa chini, vidole havifiki vizuri kwenye breki. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi, na matatu zake zinazokatiza ghafla kubeba abiria, si mahali pa kutafuta breki kwa ncha za vidole.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, alishinda kwenye simu yangu akitazama. Nikaona bora nimtafutie nyingine, safari hii kwa akili.

Saizi kwanza. Kwa kijana wa sentimita 155 hadi 160 anzia fremu za 47 hadi 49. Akisimama juu ya bomba la juu, nyayo chini, pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kisha apande, ashike breki: viwiko vikinyooka kabisa, ondokeni. Nyenzo nyingi za breki za Shimano zina skrubu iliyojificha ya kuzisogeza karibu na usukani. Fundi wangu mwenyewe hakuijua.

Magurudumu nayo yana mtego. Baiskeli ndogo kabisa hutengenezwa na rimu ndogo ambazo tairi zake utazisaka mpaka uchoke, kwa hiyo mimi hung'ang'ania saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, 700. Lakini ukiambiwa “ni inchi 28, kama ya Black Mamba,” ile baiskeli nzito ya mizigo, usikubali. Rimu ya 700 ni milimita 622, ya Black Mamba 635. Tulimtoa fundi jasho nusu saa kwa milimita 13. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi, isome.

Alumini yenyewe naipenda kwa umri huu. Ni nyepesi vya kutosha, bei yake inavumilika, na kijana anayejifunza mbio ataanguka tu. Ila ina tabia yake: huchoka kimya kimya. Fremu ya chuma mara nyingi hupinda kwanza ukapata onyo. Ya alumini hufungua ufa. Beba kitambaa chenye maji, pangusa vumbi, kisha kagua chini ya shingo ya usukani, kuzunguka ekseli ya pedali, na pale gurudumu la nyuma linapofungwa. Mstari kwenye rangi unaonasa ukucha ni sababu ya kuaga. Wala usidanganywe kwamba ufa utachomelewa. Aloi ya 6061, inayotumika sana kwenye fremu hizi, hupata nguvu zake kwa kupashwa moto kiwandani baada ya kuungwa, na moto wa fundi huziondoa nguvu hizo palepale.

Angalia pia kile kipande kidogo kinachoshikilia gea ya nyuma. Akiangukia upande wa kulia, hicho ndicho hupinda. Kiwe cha kufungua kwa skrubu, na utafute cha akiba mapema, maana kila fremu ina umbo lake.

Sisi wa pwani tuna la ziada: chumvi. Kabla ya kulipa, legeza nati ya kiti uvute nguzo yake. Ya ile nyekundu ilikuwa imeganda ndani ya fremu, na kijana anayekua anahitaji kiti kipandishwe kila baada ya miezi michache. Ikitoka, ipake grisi.

Gea zisikuumize kichwa. Claris, seti ya gea ya Shimano yenye gea 8 nyuma, inamtosha, na cheni yake ni rahisi kupata. Mbele chagua meno 50 na 34, apande kilima cha Mazeras bila kuua magoti. Wazee wa mbio watakutajia ile kanuni iliyowakataza vijana gea nzito kuliko meno 52 mbele kwa 14 nyuma. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliifuta kwa vijana tangu 2023. Magoti yao lakini hayakufutiwa chochote.

Ya pili, fremu 49, nililipa shilingi 38,000. Tairi, tyubu, nyaya za breki na kofia vikala 9,000 nyingine, kwa hiyo usiende sokoni ukamaliza pesa zote kwenye baiskeli.

Ile nyekundu sasa naiendesha mimi. Nguzo ya kiti haijawahi kusogea hata nywele, bahati tu kimo chake kinanifaa.