Saa Yangu Inagonga Mara Mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua kwa jirani yangu mzee, hapa Lyon, Ufaransa, saa ndefu ya kusimama iliyo ndani ya kabati la mbao. Ikifika saa mbili asubuhi inagonga mara nane, kisha baada ya dakika mbili inagonga nane tena. Fundi mmoja anasema imeharibika na anataka kuukata wenzo unaoigongesha mara ya pili. Na usoni pameandikwa jina la mji mmoja wa mkoa wa Bretagne, mbali kabisa na hapa. Nimeuziwa bandia?
Mama wa watoto wawili, Lyon

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tafadhali, asiikate! Hiyo ni saa ya milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, na ndivyo ilivyoundwa. Mtu akiwa zizini au usingizini, mlio wa kwanza unamgutusha tu, hesabu imeshampita. Wa pili anauhesabu vizuri. Niliwahi kuletewa moja iliyokatwa hivyo hivyo. Ilinichukua siku nne kufua wenzo mwingine, na bado naumia nikiikumbuka.

Toa kibao cha ubavuni uchungulie. Utaona ufito wa chuma wenye meno, umesimama wima. Saa ikitimia unadondoka, na kadiri ya meno unayoshuka ndivyo kengele inavyogongwa. Dakika mbili baadaye unaachiwa tena. Basi, hakuna zaidi ya hapo, na inafanya kazi vizazi na vizazi.

Jina la mji wa Bretagne nalo lisikutie wasiwasi, ni la mji wa muuzaji. Waliounda mashine walikuwa wakulima wa Morbier, Morez na vijiji jirani huko Jura. Theluji ikifunika mashamba, nyumba nzima inageuka karakana, baba na wanawe: hapa wanafua fremu ya chuma, kwa jirani wanachonga magurudumu. Mashine zilisafirishwa tupu, bila kabati, hadi pembe zote za Ufaransa. Mwenye duka wa huko akaandikisha jina lake na la mji wake usoni, seremala wa kijijini akaunda kabati. Kwa hiyo mkono wa yule mkulima unauona kwenye chuma, si kwenye maandishi. Kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka 200, hadi karibu na vita vya 1914.

Yule fundi mwombe asafishe mafuta yaliyoganda tu. Nawe weka pimamaji, kabati lisimame sawa, ulikaze ukutani. Siku ya kuhama, toa kwanza vyuma viwili vizito vinavyoning'inia ndani ya kabati, kisha timazi, ile inayobembea.