Rilei inalia "tik", pampu ya mafuta kimya

Ndugu, kama rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya pikipiki yako ya theluji inalia "tik" ila pampu haiungurumi, koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei unaoivuta) ni nzima. Usikimbilie kununua rilei nyingine. Chomoa rilei uchungulie soketi: ule unga wa kijani ni kutu ya shaba, na mara nyingi umejificha chini kabisa ya pini. Pima pini 30 (inayoingiza umeme kwenye rilei) kwanza. Isipopata volti 12, rudi nyuma kwenye fyuzi na waya. Ikipata, pima pini 87 (inayopeleka umeme kwenye pampu) rilei ikiwa imevuta, yaani imewashwa. Hakuna kitu? Kontakti (ncha za ndani ya rilei zinazounganisha umeme) zimeungua. Umeme upo? Fuata plagi ya pampu na ethi yake (waya wa kurudisha umeme). Safisha kwa dawa ya kontakti (msasa acha, unakwangua mipako), ikauke, paka grisi ya silikoni.